Shibiri Moja Zaidi

Kigwe nilipewa mlangoni, kimekunjwa vizuri na kufungwa kwa uzi mweupe. Bi Zuhura, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ndiye aliyetoka nacho chumba cha ndani ambako wanawake walikuwa wakimwosha mama, na mikono yake ilikuwa ingali na harufu ya karafuu maiti. "Hiki ndicho kipimo chake," akaniambia. "Mpelekee mchimba kaburi, wangoja." Nikageuka kwenda, akanishika mkono wa kanzu. "Na mamako aliacha neno, Mbaruku. Alisema, mwanangu akiwahi kuja, mwambieni kipimo changu kiwe kile kile. Asizidishe." Alinitazama kama mtu aliyebeba mzigo wa wenyewe bila kujua una nini ndani. Sikumweleza. Nilisema, "Inshallah, Bi Zuhura," nikasimama ukumbini na kile kigwe mkononi, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu niliyeshuka garini asubuhi ile kutoka bara, nisiyepata kukaa mji mmoja hata mkeka wangu ukachakaa, na badala ya kutoka nje nikainua macho darini.

Juu ya kichwa changu, katika boriti ya mkandaa, ulikuwepo ule msumari mkubwa. Umeshika kutu, hauna kitu. Nilipouona nilijua mama alikuwa akinipelekea salamu gani, na nilijua kwamba kwa miaka yote niliyozunguka, nikiandika barua fupi kutoka Kisumu na Unguja na Adeni, yeye alikuwa amekaa chini ya msumari ule akikumbuka mwaka ule ule ninaoukumbuka mimi.

Ni mwaka uliotangulia vita vya Wajerumani. Nilikuwa kijana wa kumi na sita, na ndugu yangu Swaleh alikuwa na miaka minane. Homa ilimshika mwanzo wa kusi, ikamwacha, ikamrudia, na kila ilipomwacha ilimwachia miguu myembamba zaidi. Alilala chumba cha juu, mbele ya dirisha lililotazama Ngome. Siku hizo Ngome ilikuwa jela, nasi tukiiita Gereza tu, na Swaleh alizijua sura za wafungwa waliotolewa asubuhi kufagia barabara kuliko alivyozijua sura za watoto wenziwe wa chuoni. Chumba kile nakiona mpaka leo: kitanda cha kamba, mtungi wa maji uliofunikwa kwa kata, moshi wa ubani ulioshika kwenye pazia, na kwenye ukuta nguo zake zimetundikwa, kila moja kubwa kuliko yeye. Mama alikuwa mshonaji wa kofia na kanzu, na hakuna nguo katika nyumba yetu iliyopata kumtosha mtu siku aliyoivaa mara ya kwanza. Kanzu zetu za Idi zilikuwa na mapindo mawili chini na moja kiunoni, na Idi hata Idi pindo moja lilifumuliwa. Viatu vilijazwa pamba vidoleni. Tulipolalamika alijibu neno moja, bila kuinua macho kwenye sindano: "Utakua."

Wazo la baiskeli lilitoka kwa Mjomba Shee, ndugu yake mama, aliyekuwa karani wa forodha na mtu wa tumbo na maneno. Alikuwa akija kula kwetu kila Ijumaa baada ya sala, na Ijumaa moja, sinia la wali na mchuzi wa papa lilipotandikwa juu, kando ya kitanda ili Swaleh apate hamu ya kula, Mjomba alimwona mtoto akisogeza tonge kutoka upande mmoja wa sahani hadi mwingine.

"Wewe wala au wachunga?" akamwuliza.

Swaleh akacheka kidogo. "Sitaki, Mjomba."

"Wataka nini basi? Sema. Leo Ijumaa, nina moyo mzuri. Kesho nitakuwa karani tena."

Swaleh akaonyesha dirishani. Mtoto mmoja wa Kizungu, wa wale waliokuja na kazi za reli, alikuwa akipita chini ya Gereza juu ya baiskeli ndogo, na mtumishi wake akimkimbilia nyuma na kofia mkononi. "Kama ile," Swaleh akasema. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtoto wa adabu, akaongeza, "Si lazima."

Mama aliweka bakuli chini. "Shee, mtoto huyu hushikwa mkono kwenda chooni. Wataka kumtia juu ya chuma?"

"Tabibu alisema nini? Alisema miguu ifanye kazi. Kwenda chuoni kwa miguu hawezi, kubebwa mgongoni yuaona haya. Juu ya baiskeli miguu yafanya kazi na mwili umekaa. Lakini iwe nyepesi, dada. Nyepesi hata aweze kuiinua mwenyewe akaishusha ngazi hizi." Ngazi zetu zilikuwa za mawe, nyembamba na wima, na hata hamali wa Marikiti alizipanda akisoma kitu kimoyomoyo. "Baiskeli ambayo mtoto hawezi kuibeba si yake," Mjomba akasema, "ni ya yule anayembebea."

 Nilimwona mama akimtazama Swaleh, na Swaleh alikuwa amelila lile tonge.

Tulikwenda dukani Jumamosi, mimi na Mjomba. Duka lilikuwa la Bohora mmoja tuliyemwita Mulla, katika Ndia Kuu, duka refu lenye giza, la taa za mafuta, misumari, cherehani na kufuli, na baiskeli zikining'inia darini kama nyama. Ya kwanza aliyotushushia ilikuwa nyeusi, ya mabomba mazito, aina waliyopanda matarishi wa serikali. "Hii chuma ya kweli, Bana Shee," akasema. "Itachukua mtoto, itachukua baba, itachukua gunia ya mchele." Mjomba akaishika, akaiinua mpaka magotini, akaiweka chini na kupangusa jasho. "Gunia la mchele sina," akasema. "Nina mtoto mwenye uzito wa kofia." Mulla akacheka, akaenda nyuma ya duka, akarudi na nyingine ameishika mkono mmoja tu. Mabomba yake yalikuwa membamba, magurudumu yake membamba, rangi ya kijani kibichi, na kwenye usukani kengele ndogo ya shaba. Mjomba akaitia kidole chini ya kiti, ikanyanyuka. Akanipa mimi. Niliipandisha na kuishusha vidato vya mlangoni mara kadhaa, na kila mara nilijaribu kujifanya mtoto wa miaka minane aliyetoka kitandani. Iliwezekana. Naikumbuka furaha niliyoipata, furaha ya kifua, kwa kuwa kwa miezi mingi nilikuwa sijaona kitu ambacho Swaleh angekiweza.

Aina hiyo, Mulla alitueleza, huja kwa meli kwa vimo viwili, ndogo na kubwa, na uzito wake ni kama mmoja. "Mlete mtoto nimpandishe, nitajua." Mjomba akamwambia mtoto yu kitandani. "Basi leteni kipimo cha mguu, kutoka nyonga mpaka kisigino. Sawasawa. Usiongeze." Akaona Mjomba anatabasamu, naye akawa mkali kidogo. "Watu wote husema, nipe kubwa, atakua. Baiskeli si kanzu, Bana Shee. Haina pindo."

Jioni ile Mjomba alimrudishia mama maneno hayo kwa mzaha, akiiga sauti ya Mulla. Mama hakucheka. Lililomshika hapo halikuwa kanzu wala pindo. Kwetu mtu aliyelala hapimwi. Fundi wa nguo humpima mtu amesimama, na mgonjwa akitaka nguo hungojwa hata ainuke, kwa sababu anayepimwa akiwa amelala ni mmoja tu, na kipimo chake hupelekwa pahali pamoja tu. Mjomba alilijua hilo kama alivyolijua jina lake. "Tumsimamishe basi," akasema. Tukamsimamisha, mimi kwapa hili na Mjomba kwapa lile, na mama akapiga goti na kigwe chake cha kushonea kanzu. Magoti ya Swaleh yakakunjika. Tukajaribu tena. Mara ya pili akaanza kulia kwa kujiona amekosa, akisema, "Ngojeni, nitasimama, ngojeni kidogo," na hapo mama akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "Mlazeni."

Alimpima amelala. Aliweka ncha ya kigwe nyongani, akakinyoosha juu ya ule mguu uliokuwa kama ufito, kikafika kisigino. Nilidhani atafunga fundo hapo. Badala yake akakunjua kiganja, akaweka kidole gumba pale kisigino kilipokoma, akaipima shibiri nzima hewani, juu ya godoro tupu, na mwisho wa shibiri ile ndipo alipofunga fundo.

"Mama," nikasema, "fundo limepita kisigino."

"Limepita nilipotaka lipite."

"Baiskeli itakuwa kubwa."

"Atakua," akasema mama, na midomo yake ilikuwa imepauka. Mjomba alikuwa akitazama dirishani. Alikichukua kile kigwe akakitia mfukoni. Leo nadhani nimemwelewa mama zaidi ya siku ile. Kumpimia Swaleh mguu kama ulivyokuwa, naye amelala, kulikuwa kwake ni kukubali kitu ambacho hakuna aliyekwisha kukitamka katika nyumba ile. Ile shibiri haikuwa ya mguu.

Baiskeli ilikuja, kubwa kama kigwe kilivyosema. Mulla alikuwa amekitazama kigwe, akamtazama Mjomba, akauliza, "Mtoto wa miaka minane ana mguu huu?" na Mjomba akajibu, "Kwao ni warefu." Tuliipandisha chumbani kwa Swaleh. Nyepesi ilikuwa, aliishika kwa mikono miwili kutoka kitandani, akalinyanyua gurudumu la mbele, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyepewa nchi. Nikamkalisha juu ya kiti. Akanyoosha mguu. Kati ya unyayo wake na pedeli palikuwa na nafasi, na mimi sikuhitaji kuipima.

"Mjomba," akasema, "hii ya babu yake Mzungu."

Mjomba alicheka mpaka akakohoa, kisha akashuka chini upesi. "Haifiki, mama," Swaleh akasema. Mama akamrekebisha kanzu mabegani. "Itafika, mwanangu. Kula tu." Nilipendekeza tuirudishe, na mama alinitazama kwa namna ambayo sikusema tena. Fundi seremala wa mtaani aliweza kufunga vipande vya mti juu ya pedeli ziinuke, kila mtu alijua hivyo, na hilo pia mama alilikataa. Vipande vya mti vingemfanya mtoto asiwe na haja ya kukua.

Basi baiskeli ikakaa kando ya kitanda, imeegemea ukuta, na nyumba yetu ikaanza kuishi kwa kengele yake. Swaleh alipotaka maji aliipiga. Alipotaka kugeuzwa ubavu aliipiga mara mbili. Mchana, tukiwa chini, tulisikia mnyororo ukizunguka. Alikuwa akiizungusha pedeli kwa mkono, gurudumu la nyuma limeinuliwa juu ya mto, akilitazama kama watu wanavyotazama moto. Na kila Ijumaa, kabla Mjomba hajaja, alinitaka nimpandishe tuone. Nilimshika kiunoni, akanyoosha kidole gumba cha mguu, na sisi wawili tukatazama ile nafasi. Ilikuwa ikipungua. Si mawazo yetu. Ilikuwa ikipungua kweli. Mama alikuja kuona, akaenda zake jikoni, na nikamsikia akisoma fatiha huku akipepeta mchele, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu homa ianze.

Siku hizo hizo niliwasikia Bi Zuhura na mwanamke mwingine wakizungumza kwenye sebule ya chini, wakidhani sote tuko juu. Walikuwa wakikuna nazi ya wali wa jioni. "Yuarefuka," mwenziwe alisema. "Nimemwona jana, miguu imetoka nje ya shuka." Mbuzi ikakwaruza nazi, kisha Bi Zuhura akasema, "Mtoto wa homa hurefuka kama mbegu iliyoota chini ya mtungi. Umepata kuiona rangi yake?" Mwenziwe akasema, "Usimwambie mamake." "Mimi simwambii. Yeye ndiye anayeniambia, kila asubuhi, kwamba pindo moja la kanzu amelifumua." Nilikaa kwenye ngazi, kwenye kile kidato cha giza pale ngazi inapokata kona, na nikaisikia kengele juu. Aliipiga mara moja. Maji.

Siku kidole chake kilipogusa pedeli alisema, "Twende nje," kama mtu aliyemaliza kazi aliyopewa. Kusi lilikuwa limeisha na bahari ilikuwa tulivu. Aliinyanyua baiskeli mwenyewe mpaka mlango wa chumba, akahema, akaniachia. Nilimbeba yeye kwanza, kisha nikarudi kuishusha. Nikampandisha uchochoroni, mkono mmoja nyuma ya kiti, mwingine mgongoni mwake, na mbavu zake nilizihisi moja moja. Tukashuka taratibu kuelekea Gereza. Watu waliokuwa wamekaa barazani waliacha bao, wakatutazama. "Swaleh bin Kasi," mmoja wao akamtania, "tupishe tusije tukakanyagwa," na wengine wakacheka, kicheko cha upole kinachokwisha mapema. Mbele ya Gereza njia ni pana na inateremka kidogo. Vidole vyake viligusa pedeli inapokuja juu na kuikosa inapokwenda chini, lakini gurudumu lilikuwa likizunguka lenyewe kwa kuwa mimi nalisukuma, na yeye aliona ni miguu yake.

"Umeniachia?" akauliza bila kugeuka.

Nilikuwa nimemshika kwa mikono miwili. "Nimekuachia," nikasema.

Akapiga kengele. Askari wa zamu mlangoni mwa jela akampigia saluti, na mfungwa mmoja aliyekuwa akifagia akasimama, ufagio mkononi, akatupisha. Swaleh akazipokea heshima zote mbili kwa kichwa, kama liwali. Tulifika mwisho wa ukuta. Hapo akasema amechoka, na niliporudi naye alikuwa amelaza shavu kwenye usukani.

Homa ilirudi kabla ya mwezi kuandama, na mara hiyo haikumwacha. Kengele ilikuwa ikilia kidogo kidogo, kisha ikawa hailii, kwa kuwa mkono wake haukufika, na mama alikuwa amelala chini kando ya kitanda, hana haja ya kuitwa.

Mchimba kaburi alipokuja barazani kutaka kipimo, Mjomba alikuwa ameketi na wanaume, ametazama ardhi. Kigwe kilitoka ndani kwa mkono wa Bi Zuhura. Mjomba alikikunjua, na mara moja nilijua aliona nilichokiona, maana kilikuwa kirefu. Fundo lilikuwa mbali sana. Akasema, "Dada," kama mtu anayezungumza peke yake, akakishika pale alipodhani panafaa kukatwa. Kisha akakiacha. Akampa yule mchimba kaburi vile vile kilivyotoka.

Nilishuka kaburini mimi na Mjomba kumpokea. Walikuwa wamekata mwanandani, ubavuni mwa kaburi, kwa kipimo walichopewa, mawe na udongo wa kisiwa chetu, kazi ya haki isiyo na kosa. Tukamlaza kwa ubavu wa kulia, uso kwenye kibla, na kichwa kilipokaa vizuri nilitazama miguuni. Pale ilipokoma sanda na pale ulipoanza udongo palikuwa na nafasi. Niliijua. Nilikuwa nimeitazama kila Ijumaa, nimemshika kiunoni. Mjomba naye aliiona, na mtu yule wa maneno mengi aliweka kiganja chake pale, kidole gumba miguuni mwa Swaleh na kidole cha mwisho ukutani, akakaa hivyo mpaka watu wa juu wakatuuliza kama tumemaliza.

Baiskeli mama aliitundika kwenye boriti ya ukumbini, kwa msumari alioupigilia mwenyewe. Sikumsikia akilia. Aliendelea kushona, lakini nilipompelekea kanzu yangu kabla ya Idi, alinipima kwa macho, akashona bila pindo hata moja, na iliponitosha kama ngozi niliona uchungu kuivaa. Jioni moja alisema, uzi ukiwa mdomoni, "Niliomba muda kwa mkono wangu mwenyewe, Mbaruku. Nikapewa kwenye udongo."  Nilikuwa nimeanza kuishusha ile baiskeli alasiri na kuipanda mwenyewe, magoti yakipiga usukani, mpaka Feri, mpaka Makupa mahali kisiwa kinapokoma, na kila siku nilikaa kule zaidi kabla ya kurudi. Watu walidhani napunga upepo. Vita vilipokuja na kazi za kila namna zikatafuta vijana, niliirudisha msumarini, nikambusu mama mkono, nikaondoka. Nimesoma Unguja, nimefanya kazi ya kalamu katika miji ambayo majina yake mama hakuweza kuyatamka, na kila mji niliondoka siku nilipoanza kuuzoea. Bi Zuhura alikuwa ameniambia asubuhi ile kwamba baiskeli mama alimpa mtoto wa jirani zamani sana, siku alipomwona akipita chini yake, akaona miguu yake inatosha. Alimpima amesimama.

Nilitoka nje na kigwe. Wanaume walinipisha. Mchimba kaburi wa safari hii alikuwa kijana nisiyemjua, na alikinyoosha juu ya ardhi, akakikanyaga ncha kwa mguu.

"Ndicho hiki, ami?"

"Ndicho."

"Wengine hupenda tuongeze kidogo."

Kiganja changu kilikuwa kimefunguka chenyewe, kidole gumba huku na cha mwisho kule. Nilikiona, nikakifunga. "Usiongeze," nikasema.

Tukampeleka baada ya alasiri. Nilishuka mimi, mwana pekee aliyebaki, nikampokea, nikamlaza, nikamgeuza uso kwenye kibla. Kisha nikapitisha mkono miguuni mwake kutafuta nafasi, na mkono haukupita. Katika vipimo vyote vya kigwe vilivyotoka nyumba ile, kile ndicho cha kwanza nilichokiona kikimtosha mwenyewe siku ile ile.